Hasara ya kizimba cha samaki ziwani na hasara ya dagaa: tunaisomaje ili isirudi msimu ujao? (Wadau wa Mwanza na visiwani)

#1 Kipimo cha Ziwa (mleta uzi)

Mwangaluka wakuu. Salamu kwa wa Ilemela, Magu, Sengerema, Buchosa na nyie mlioko Ukerewe, Ukara na Kome ambako mtandao unakuja na kuondoka.

Kila msimu ukiisha husikii kingine kando ya Ziwa Victoria ila "tumejifunza". Muulize mtu amejifunza nini, atakwambia "kuwa makini zaidi". Hapo hajajifunza kitu, ameweka nadhiri tu, na nadhiri haizuii samaki kufa.

Hoja yangu ni hii: kosa linakufundisha pale tu uamuzi ulipoandikwa kabla matokeo hayajajulikana. Matokeo yakishafika, kichwa kinajitungia historia. Aliyepata hasara anasema "mimi nilijua tu", na aliyepata faida anasema hivyo hivyo. Mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alilionyesha jambo hili kwa majaribio mwaka 1975: ukishamwambia mtu jambo lilivyoisha, anaona lilikuwa wazi tangu mwanzo. Ndiyo maana kikao cha kujadili hasara kinachofanyika miezi mitatu baadaye huwa ni mashindano ya kukumbuka vizuri.

Dawa ni daftari la kawaida la kurasa 96, lenye mistari. Piga safu tano: tarehe na saa, nilichokiona, nilichoamua, ninachotarajia na kwa siku gani, kisha safu ya mwisho uiache wazi. Hiyo utaijaza siku uliyoitaja ikifika.

Mstari mmoja unakuwa hivi:

"Tarehe 12, saa 3 asubuhi. Kizimba namba 2, chakula bado kinaelea dakika 25 baada ya kulisha. Nimeshusha kutoka kilo 14 hadi 12 kwa siku. Natarajia kufikia tarehe 14 kiishe ndani ya dakika 15."

Basi. Hakuna jina la mtu humo, hakuna "uzembe", hakuna "bahati mbaya". Ukiona unaandika neno lisiloweza kupimwa kwa saa, mizani au kuhesabu kwa kidole, lifute.

Karibuni mshushe nondo, kila mtu kwa eneo lake. Naomba tuachane na habari za "mimi mwaka fulani", tuweke mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya kesho asubuhi.

#2 Mwana wa Igombe

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, mwenye kizimba kimoja cha mita 4 kwa 4 naye aandike? Hiyo si kazi ya wenye vizimba 50 na ofisi?

#3 Kipimo cha Ziwa

Mwenye kimoja ndiye mhitaji zaidi. Mwenye 50 akiona namba 7 inakula vibaya anaangalia namba 8, anapata jibu. Wewe huna jirani wa kulinganisha naye, unajilinganisha na jana yako, na jana isiyoandikwa haipo.

#4 Fundi Wavu

Nichangie upande wa vizimba vya sato, maana hapo ndipo watu wanagombana na kufukuzana kazi bila sababu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Umenunua vifaranga 4,000. Siku ya kuvuna unatoa 3,150. Wamepungua 850. Neno la kwanza linalotoka mdomoni ni "walinzi wameiba". Anafukuzwa mlinzi, analetwa mwingine, msimu ujao wanapungua tena 800. Somo lililopatikana ni la uongo, kwa sababu zile 850 zilichukuliwa kama kitu kimoja wakati zina milango minne.

Mlango wa kwanza ni samaki ambao hawakuwahi kufika. Wa pili ni waliokufa. Wa tatu ni waliotoka kwenye tundu la wavu. Wa nne ndio wizi. Kila mlango una namna yake ya kupimwa, na usipoupima kwa wakati wake huwezi kuupima tena.

Wa kwanza unapimwa siku ya kupokea, dakika zile zile. Nitaeleza namna hapo chini mtu akiuliza.

Wa pili unapimwa kila asubuhi, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Sato akifa mara nyingi huzama kwanza. Anaelea baadaye, akishavimba. Anayehesabu wanaoelea tu anahesabu sehemu, tena amechelewa, na wengine wanaoza chini au kuliwa na wenzao bila kuonekana. Kwa hiyo kila baada ya siku mbili inua pembe za wavu taratibu, sakafu ipande, uokote waliolala chini. Waandike hata akiwa mmoja. Sifuri nayo iandikwe "0", kwa sababu nafasi tupu haisemi kama hakufa mtu au hakwenda mtu.

Wa tatu: pitisha mkono kwenye wavu, usipitishe macho tu. Tundu liko zaidi kwenye kona, kwenye mshono wa sakafu, na pale wavu unaposuguana na chuma au pipa. Fisi maji anachana kwa chini, na mchano wake hauonekani ukiwa umesimama juu ya jukwaa. Kagua kila wiki, na siku inayofuata upepo mkali kagua tena hata kama ni jana tu ulikagua. Ukishona, andika ukubwa wa tundu (vidole viwili, kiganja) na ulipo.

Wa nne haupimwi moja kwa moja. Ni kinachobaki.

Turudi kwenye mfano. Siku ya kupokea hesabu ilitoa 3,720, maana yake 280 hawakufika. Daftari la vifo lina 310. Umevuna 3,150. 3,720 toa 310 toa 3,150 inabaki 260. Hao 260 ndio wa kugawana kati ya tundu na wizi. Kama daftari linaonyesha tundu la kiganja lilikutwa kona ya kaskazini wiki ya 9, una pa kuanzia. Umetoka kwenye "850 wameibwa" hadi "260 sijui, pengine chini ya hapo". Mlinzi wako amesalimika na wewe umejua pa kuweka hela: mshono, na kuhesabu siku ya kupokea.

#5 Tajiri Mtarajiwa

Mkuu Fundi Wavu hii imenikaa. Kwa hiyo wale 280 ni kwamba muuza vifaranga ni mwizi?

#6 Fundi Wavu

Si lazima, usianze vita. Vifaranga wadogo hawahesabiwi mmoja mmoja, wanakadiriwa, na makadirio yana kosa lake. Wengine wanafia njiani. Fanya hivi mbele ya aliyeleta: chukua kichungio kidogo kimoja, chota mara tatu kutoka mifuko tofauti, hesabu kila mchoto mmoja mmoja, pata wastani. Kisha wote wapitishwe kwa kichungio kile kile, mchotaji yule yule, unahesabu michoto. Michoto 62 kwa wastani wa 60 ni 3,720. Andika, mtie saini wote wawili.

Kingine cha siku hiyo: mfuko uelee ndani ya kizimba kati ya dakika 15 na 30 kabla ya kufunguliwa, joto lilingane, halafu uingize maji ya ziwa kidogo kidogo. Wakimwagwa ghafla, vifo vinakuja siku ya pili na ya tatu, wakati huo muuzaji ameshaondoka na lawama zinaenda kwa chakula. Waliokufa siku saba za mwanzo waandikwe pembeni, wasichanganywe na vifo vya baadaye. Sababu zake ni nyingine.

#7 Punje Tatu

Hapo hapo pa hesabu ya samaki ndipo kosa la chakula linapozaliwa, na chakula ndicho kinachomeza hela kuliko kitu kingine chochote kwenye kizimba.

Daftari linasema 4,000. Wastani wa uzito gramu 120. Uzito wa kizimba kizima unaonekana kilo 480, ukilisha asilimia 3 kwa siku ni kilo 14.4. Kumbe ndani wako 3,500. Uzito halisi kilo 420, chakula halali kilo 12.6. Unamwaga kilo 1.8 kila siku. Siku 30 ni kilo 54, mifuko miwili na nusu ya kilo 20 na chenji, imeenda kulisha tope.

Sasa angalia jinsi kosa moja linavyovaa nguo ya lingine. Mwisho wa msimu unagawa chakula kwa uzito ulioongezeka. Sato wa kizimbani akitunzwa vizuri yuko kwenye 1.5 hadi 1.8, yaani kilo moja na nusu au kidogo zaidi ya chakula inatoa kilo moja ya samaki. Wewe unapata 2.2. Unasema chakula cha kampuni ile kibovu, unahama. Msimu ujao 2.2 ile ile. Ukisukuma "kwa nini" moja baada ya nyingine unafika: kwa nini 2.2? Chakula kilizidi. Kwa nini kilizidi? Hesabu ya samaki ilikuwa ya juu. Kwa nini? Vifo viliandikwa vya wanaoelea tu. Kwa nini? Hakuna aliyepangiwa kuinua sakafu ya wavu. Hapo simama. Umefika kwenye kitu unachoweza kukibadilisha Jumatatu. Mtindo huu Taiichi Ohno wa Toyota aliufundisha viwandani, akisema uliza mara tano. Tano si amri. Ukifika kwenye jina la mtu umesimama mapema mno, ukifika kwenye serikali au tabianchi umepitiliza.

Tahadhari ya upimaji: msipime samaki wanaokimbilia chakula. Hao ndio wakubwa, wababe wa kizimba, wastani utapanda na utalisha zaidi. Kusanya wavu kutoka upande mmoja wabanane, chota katikati na chini, 50 hadi 100, pima ndani ya ndoo yenye maji uliyoiweka sifuri kwenye mizani. Asubuhi, kabla ya kula. Kila wiki mbili.

#8 Mama Kichanja

Wakaka mmejaza vizimba tu humu, dagaa tuliwakosea nini? Haya.

Mnunuzi wa dagaa anakosea mahali pamoja kuliko pote: ananunua maji kwa bei ya dagaa. Wabichi kilo 3 hadi 4 hutoa kilo moja ya wakavu, kwa hiyo muuzaji mwenye haraka anaanua mapema, na kila siku aliyoipunguza juani inaonekana kwenye mizani kwa faida yake. Wewe ukifika soko la Mwaloni Kirumba siku tatu baadaye gunia limepungua, unasema vibarua wamechota. Tena wale wa ndani ya gunia wamepata ukungu na joto, mnunuzi wa Kongo au Zambia anaingiza mkono katikati ya gunia, anaunusa, anaondoka bila kutaja bei.

Kabla ya kufunga mzigo chukua kilo moja kamili, gramu 1,000, kutoka katikati ya rundo. Wasambaze peke yao kwenye wavu safi kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Pima tena. Ikiwa gramu 900, unajua kila kilo 100 una kilo 10 za maji. Tuseme bei ni shilingi 7,000 kwa kilo, hiyo ni 70,000 kwa kila kilo 100 ambayo lazima ishuke kwenye mazungumzo. Wa mchangani wapepetwe kilo moja juu ya kitambaa, mchanga nao upimwe, nao una bei.

Kwa haraka bila mizani: mkunje dagaa. Mkavu anakatika na unausikia mlio. Akipinda akarudi, bado.

Andika matokeo ya kilo hiyo kila unaponunua, na mwalo (ufukwe wa kushushia samaki) walikotoka. Baada ya safari kadhaa utaona mwenyewe mwalo gani wanaanika kwenye vichanja na upi wanaanika chini, bila kuuliza mtu. Somo lako la zamani "yule muuzaji si mtu" litageuka "mwalo ule, masika, wanapungua kilo 12 kwa mia, lipa kwa hesabu hiyo au subiri".

#9 Mzee wa Karabai

Nasoma hapa naona vijana mmekuwa wataalamu. Lakini kuna mambo hayana daftari. Umeanika dagaa, jua linawaka, saa 8 mchana mvua imeshuka kutoka ziwani bila hodi. Hapo kuna kosa gani la kujifunza? Hiyo ni mipango ya Mungu.

#10 Mama Kichanja

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli, na ndiyo maana daftari linahitajika.

Uamuzi una safu yake na matokeo yana safu yake. Ukianika wakati utabiri wa TMA (mamlaka ya hali ya hewa) wa asubuhi haukutaja mvua, mawingu hayakuwepo, turubai liko pembeni na watu wawili wako kambini, kisha ikanyesha, uamuzi ulikuwa mzuri na matokeo mabaya. Usibadilishe kitu. Ukianza kukataa kuanika kila ukikumbuka siku ile, utaozesha dagaa wabichi siku kumi za jua kwa ajili ya siku moja ya mvua.

Upande wa pili ndio hatari. Umeanika masika, asubuhi wingu limesimama upande wa ziwa, turubai limeazimwa, na jua likatoka likakausha vizuri. Umepata faida kwa uamuzi mbovu. Hakuna anayekaa kikao kujadili faida, kwa hiyo kosa hilo linalelewa mpaka lije kula mtaji wote. Mistari ya namna hii iwekee alama ya nyota.

Na turubai mzee wangu lisilale juu ya dagaa. Likigusana nao wanatoa jasho na kuchemka ndani ya saa chache. Weka fito, liwe kama paa, pande mbili zipitishe hewa.

#11 Mzee wa Karabai

Marahaba mwanangu. La turubai nimelichukua. La nyota nalifikiria.

#12 Hesabu za Giza

Kuna kosa moja la hela naliona kwa wenye mitumbwi na wachuuzi wa dagaa, kila mmoja anadhani ni udhaifu wake binafsi kumbe ni kalenda.

Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti, mitumbwi inapumzika karibu wiki nzima, kwingine zaidi. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, marejesho yake ni kila wiki, na haijui mbalamwezi ni nini. Mkopo wa wiki 12 ni siku 84, ndani yake kuna takribani miezi mipevu mitatu, kwa hiyo marejesho matatu hivi yataangukia wiki isiyo na mapato. Mtu anakopa kwingine kulipa wiki hiyo, na baadaye anajihukumu kwamba "sina nidhamu ya pesa".

Nidhamu aliyokosa ni ya kuhesabu. Marejesho yakiwa 60,000 kwa wiki, kwenye kila wiki tatu za giza tenga 80,000 badala ya 60,000. 80,000 mara tatu ni 240,000, imelipa wiki nne. Kama wiki ya giza haiwezi kutoa 80,000, mkopo huo ni mkubwa kwako, umejua kabla ya kusaini. Weka duara kwenye kalenda siku za mwezi mpevu za miezi mitatu mbele kabla hujaingia ofisi ya mtu.

#13 Dada Zamu

Naomba niseme ambalo wenye mali hawapendi kulisikia. Daftari hizi zote zitajazwa uongo iwapo kosa linakatwa kwenye mshahara.

Mlishaji akijua kila samaki aliyekufa atakatwa, vifo vinakuwa sifuri kwa maandishi na samaki wanatupwa usiku au wanazikwa kwenye magugu maji. Umenunua daftari, umepata hadithi. Ile hesabu nzuri ya Fundi Wavu, 310 waliokufa, inasomeka 40, na 270 wanahamia mlango wa wizi. Tajiri anakata tena. Mzunguko unaendelea.

James Reason, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyefanya kazi kubwa kuhusu makosa ya binadamu, alitenganisha makosa kwa namna inayosaidia sana kambini. Kuna kuteleza: mlishaji anajua kizimba namba 3 kinapewa punje za milimita 2, mkono umechukua mfuko wa milimita 4 uliokuwa karibu. Kumsemesha hakusaidii, alikuwa anajua. Tenganisha mifuko, moja upande huu wa stoo na nyingine ule, funga kamba nyekundu. Kuna kusahau: lango la wavu halikufungwa baada ya kupima. Hapo unataka orodha fupi iliyobandikwa mlangoni, si hotuba. Kuna kukosea uamuzi: samaki walipanda juu kuvuta hewa alfajiri, yeye akadhani wana njaa akaongeza chakula. Alitumia akili, elimu ndiyo ilikosekana, kwa hiyo mfundishe. Na kuna kukiuka: anajua haruhusiwi kutoka na mtumbwi wakati TMA imetoa tahadhari ya upepo mkali, akatoka. Kabla ya kumwadhibu uliza ni nini kilimsukuma. Kama aliambiwa chakula kisipofika leo hakuna posho, aliyekiuka yuko nchi kavu anakunywa chai.

Makosa manne, dawa nne. Tatizo letu tuna dawa moja: kugomba.

Panga malipo hivi: mshahara usiguswe na vifo. Weka bonasi ndogo kwa kujaza daftari kikamilifu kwa mwezi, namba ziwe nzuri au mbaya. Aliyegundua tundu na kuliripoti siku hiyo hiyo alipwe, hata kama yeye ndiye aliyelisababisha kwa kuburuza nanga. Adhabu ibaki kwa jambo moja tu: kuficha. Wenye mali wanaogopa kwamba wafanyakazi watatoboa nyavu kwa makusudi ili walipwe. Weka malipo yawe madogo kuliko kazi ya kushona, hakuna atakayetoboa.

#14 Tajiri Mtarajiwa

Dada Zamu umenigusa pabaya, ila sibishi.

#15 Mwana wa Igombe

Swali: mlishaji hajui kusoma wala kuandika. Na kalamu ziwani inalowa, daftari linalowa.

#16 Dada Zamu

Chupa mbili za plastiki na punje za mahindi. Samaki mfu mmoja, punje moja kwenye chupa nyeupe. Bakuli moja la chakula, punje moja kwenye chupa ya kijani. Jioni anayejua kuandika anahesabu, anaandika, anamwaga. Bakuli liwe moja na lipimwe: likijaa kwa kufutwa juu ni kilo ngapi, lichorwe mstari kwa rangi. Mambo ya kuonekana, kama rangi ya maji, ayaseme kwa sauti kwenye WhatsApp akiwa pale pale, simu inaweka saa yenyewe. Daftari libaki nchi kavu, ndani ya mfuko wa nailoni.

#17 Fundi Wavu

Niongeze la maji kubadilika, maana hapo ndipo watu hupoteza kizimba chote asubuhi moja na kuondoka na somo baya, "ufugaji wa vizimba haufai".

Maji ya ziwa letu hayachanganyiki kila wakati. Kuanzia karibu Septemba au Oktoba hadi Aprili au Mei maji ya juu yenye joto yanakaa juu ya maji ya chini yaliyopungukiwa hewa. Juni hadi Agosti pepo za kusini mashariki zinayakoroga. Upepo mkali ukisukuma maji ya juu upande mmoja, ya chini yanaweza kupanda upande wa pili, na kizimba hakina miguu ya kukimbia. Sato anakua vizuri oksijeni ikiwa juu ya miligramu 5 kwa lita, ikishuka chini ya 3 anaanza kuteseka.

Huwezi kuzuia upepo, kwa hiyo usijilaumu kwa upepo. Yaliyo yako ni haya. Kina cha maji pale ulipotia nanga, wengi hushika kanuni ya angalau mara mbili ya kina cha wavu, ili kinyesi na mabaki visirundikane chini ya samaki. Idadi ya samaki kwa mita ya ujazo, maana waliobanana hufa kwanza. Ukoga kwenye wavu: ukiziba matundu maji hayapiti, safisha kila wiki mbili hadi nne, na mapema zaidi ukiona umeota. Magugu maji yakizingira kizimba yasukumwe siku hiyo hiyo. Na kulisha: alfajiri oksijeni iko chini kabisa, chakula cha kwanza kisubiri saa 3 au 4 asubuhi. Ukiwaona midomo juu wanahema, usitupe hata punje, wakishashiba wanahitaji hewa zaidi.

Kwenye daftari kuwe na mstari mmoja wa alfajiri kila siku: rangi ya maji, harufu, upepo ulitoka wapi usiku, samaki wako chini au juu. Sekunde thelathini. Vifo vya ghafla vikitokea, rudi nyuma mistari saba. Mara nyingi dalili zilikuwepo siku mbili kabla na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuacha kulisha bila kumpigia tajiri simu. Mpeni mlishaji mamlaka hayo kwa maandishi.

#18 Tajiri Mtarajiwa

Baada ya kugundua kosa, nibadilishe mambo mangapi? Nimeorodhesha tisa humu ndani, nataka kuanza yote Jumatatu.

#19 Kipimo cha Ziwa

Moja. Ukibadilisha chakula, muda wa kulisha, wavu na mlinzi kwa mpigo, ukipata nafuu hujui nani wa kumshukuru, na ukipata hasara unarudisha yote pamoja na lile lililokuwa linafanya kazi.

Kama una vizimba viwili au zaidi vya vifaranga wa kundi moja na idadi inayolingana, badilisha kwenye kimoja, kingine kiache kilivyo. Wiki 8, upimaji kila wiki mbili, vipimo vinne. Kabla ya kuanza andika tofauti utakayoiita ushindi, mfano gramu 15 zaidi kwa samaki. Ikitoka gramu 4 usiipambe, samaki 50 uliowachota wanaweza kutofautiana hivyo bila sababu yoyote.

Kwa wewe mwenye orodha ya tisa, panga kwa swali hili: lipi likiharibika linaharibu vipimo vya mengine? Kwa yaliyosemwa humu ni kuhesabu siku ya kupokea. Anza hapo.

Yale ya usalama hayasubiri zamu. Maboya ya kujiokoa, tundu la wavu, kutotoka kwenye upepo, hayo yafanye leo yote bila majaribio.

#20 Mwana wa Igombe

La mwisho kutoka kwangu. Mizani ya kupimia samaki, ile ya saa ya kuning'iniza inatosha au lazima ya betri?

#21 Punje Tatu

Ya kuning'iniza inatosha kwa ndoo ya samaki 50, tafuta yenye vipimo vya gramu 50 au 100, si ile ya kilo nusu nusu. Iangalie kila mara kabla ya kazi: ning'iniza mfuko wa chakula wa kilo 20 ambao haujafunguliwa, isome 20 na kidogo kwa ajili ya mfuko wenyewe. Ikisoma 19, andika "mizani pungufu kilo 1 kwa 20" juu ya ukurasa na uipeleke kwa wakala wa vipimo. Dagaa wa Mama Kichanja wale wa kilo moja wanataka ya betri ya jikoni, hiyo ya saa haitawaona.